Gurudumu Chini ya Kiti cha Kibe

Bokoli,
10 Februari 2025

Ndugu yangu Nderitu,

Nakusalimu kwa jina la Yesu aliyetuamsha leo, mimi na Kibe tukiwa bado wawili na kinu cha posho kikiwa bado kinasaga. Natumai mkeo Mama Gichuki ameachwa na kile kikohozi. Hapa ng'ombe alizaa, na ni dume. Kibe akasema ni sawa tu, si kila siku mtu atachagua. Binti yetu Wacera alipiga simu kutoka Nakuru, anamsalimia "anko fundi". Nikamwambia siku hizi ni anko mbegu, akacheka.

Utashangaa dada yako anaandika barua kama tuko enzi za mama. Simu ni moja na Kibe hulala nayo chini ya mto. Na unaijua simu yenyewe, ukiongea ukiwa Kitale hata kuku wa hapa wanasikia. Kwa hivyo barua hii nimempa Rosaline, jirani yangu wa ndizi anayekuja soko la huko kila Alhamisi. Usinijibu kwa simu. Andika, umpe yeye.

Maneno ni haya. Gari yetu, ile Korola, imeanza kuguna.

Si breki, breki nazijua. Nikienda pole hakuna kitu. Nikishapita Webuye, barabara ikinyooka, inaanza: mmmm. Nikiongeza mwendo nayo inaongeza. Wiki jana niliisikia mpaka kwenye usukani, mikono ikawasha kama nimeshika siafu.

Nderitu, hii gari ndiyo maisha ya Kibe. Jumanne na Ijumaa lazima awe Bungoma asafishwe damu. Daktari alisema kukosa mara moja ni kucheza na moto, mara mbili ni kuaga. Tulijaribu gari za abiria mwezi wa kumi na mbili, akazirai stendi mbele ya watu.

Na siwezi kumwambia. Siku ya mwaka mpya tukinywa chai aliniambia, "Mama Wacera, mtu anaweza kuchoka bila kutenda dhambi." Sikumuuliza amechoka nini. Nilichukua vikombe nikaenda kuosha. Sasa akisikia gari ni mgonjwa kama yeye, naogopa atasema ni Mungu amesema, atakaa kwa kiti chake pale mlangoni na hatainuka tena.

Kwa hivyo ikianza kuguna, naimba. Naimba tenzi kwa nguvu mpaka Bungoma. Namshukuru Mungu masikio ya Kibe yaliliwa na kinu, miaka ishirini na mbili, hasikii kitu. Yeye huvua tu kiatu cha kushoto kwa sababu ya miguu kuvimba, anakaa vizuri, halafu ananiitikia kwa bezi, sauti ile nzito. Watu wa barabarani wanafikiri tunaenda krusedi ya injili.

Niambie ni nini inaguna.

Dada yako,
Wahu


Kitale,
27 Februari 2025

Dada Wahu,

Barua nilipata. Sisi wazima, kikohozi kiliisha. Mvua bado lakini watu wameanza kununua mbegu, duka limejaa kutoka asubuhi. Pole na ya Kibe. Tunamuombea hapa, hata watoto.

Hiyo ni beringi, ile ringi ya gololi ambayo gurudumu la mbele linazungukia. Sasa tujue ni gani. Ukiwa mwendo kidogo, kata kona ya kulia. Sauti ikipanda, ni ya kushoto. Ukikata kushoto ndiyo ipande, ni ya kulia. Usiimbe siku hiyo. Sikiliza.

Halafu tafuta mtu akupandishie na jeki. Weka mkono wako kwa ile springi, na mwingine azungushe gurudumu. Beringi nzuri, hutahisi kitu. Mbaya utaihisi kwa vidole kama nafaka ya wimbi inasagwa juu ya jiwe.

Usipite mwendo wa arobaini. Na usiruhusu mtu aiguse mpaka nikuambie.

Kuja huko sasa haiwezekani, ni msimu.

Nderitu


Bokoli,
12 Machi 2025

Ndugu yangu,

Mungu wa amani awe juu ya duka lako na kila mbegu inayotoka humo. Sisi tunaendelea. Ndama amejua kucheza. Kibe humwita Bwana Mdogo na kumsemesha asubuhi kabla hajanisemesha mimi.

Nilifanya ulivyosema. Kona ya kulia ilipiga kelele, ya kushoto ikanyamaza. Kibe akauliza, "Mbona leo huimbi?" Nikamwambia koo inauma. Akaanza yeye mwenyewe, peke yake, ile sauti yake nzito kama gunia.

Ya jeki niliifanya kanisani, siku ya akina mama. Tulikuwa watatu na leso zetu, tumepiga magoti kando ya tairi. Katekista akapita akatoa kofia, alifikiri tunaombea gari. Na kweli tulikuwa tunaiombea pia. Nikaingiza mkono, nikashika springi, mwenzangu akazungusha.

Nderitu, ni wimbi. Ni wimbi na mchanga ndani. Nilitoa mkono haraka kama nimeguswa na mtu.

Ni ya kushoto. Iko chini ya kiti cha Kibe. Tangu siku hiyo nikiendesha sioni barabara, naona goti lake tu. Nawaza ile kitu imekaa hapo chini yake inatafuna, na yeye amevua kiatu anaimba.

Naomba uje. Najua ni msimu. Lakini hii beringi si wewe uliiweka? Mwezi wa nane, mwaka juzi, nililala kwako siku mbili, asubuhi nikaikuta tayari. Wewe ndiye unajua mkono wako. Siku moja tu, kati ya Jumamosi na Jumatatu.

Dada yako anayekungoja,
Wahu


Kitale,
9 Aprili 2025

Dada,

Usifikiri nilinyamaza. Rosaline alikuwa na malaria, barua yako niliipata wiki jana. Salamu kwa Kibe na kwa Bwana Mdogo. Mama Gichuki amekutumia maharagwe, ni yale mekundu.

Ndani ya mfuko wa mbegu nimekuwekea beringi mpya. Si feki, niliichagua mwenyewe. Usifungue karatasi yake mpaka siku ya kazi, isiingie vumbi.

Mtafute fundi wa huko. Mwambie hivi, na umwambie mara mbili: itoke na presi, ile mashine ya kukandamiza, na iingie na presi. Asipige nyundo. Hata kidogo, hata mara moja, hata akikuambia amefanya hivyo miaka yote. Kama hana presi, avue kile chuma chote kinachoshika gurudumu, akipeleke kwa mwenye presi.

Niombee.

Nderitu


Bokoli,
23 Aprili 2025

Nderitu,

Yesu amefufuka. Tulipata Pasaka nzuri, kuku alikuwepo, na mvua ilinyesha siku yenyewe mpaka mahubiri hayakusikika. Maharagwe yalifika, mwambie Mama Gichuki Mungu amrudishie.

Sasa nisikilize.

Jumamosi kabla ya Pasaka nilimdanganya Kibe kwamba naenda mkutano wa akina mama. Nikaenda Kamukuywa kwa fundi mmoja anaitwa Bethwel, mtu mpole, anasali. Akatoa tairi, akatoa breki, akashika ile nati kubwa ya katikati. Ikakataa. Akaweka paipu kwa spana, akavuta. Ikakataa. Akapanda juu ya paipu kama ngazi, akaruka, na yeye ni mtu wa kilo nyingi. Paipu ikapinda.

"Mama," akasema, "hii gari ilifungwa na mtu alikuwa na haraka ama hasira."

"Ilifungwa na ndugu yangu," nikamwambia.

"Basi mwambie ndugu yako aje afungue."

Tulicheka, lakini mimi kicheko hakikufika tumboni. Saa tisa ndiyo nati iliachia. Halafu bolti mbili za nyuma yake nazo zikashikana na kutu, akazimwagia mafuta, akazigonga, akazilaani kidogo akaomba msamaha. Mvua ikaanza. Akaniambia nimuachie gari mpaka Jumatano, hizo bolti atazikata, halafu beringi ataitoa na kuiingiza pale pale. Nikauliza, na presi? Akasema, "Presi iko Webuye, mama. Mimi niko na nyundo na mkono wangu. Hii kazi mimi hufanya hivyo."

Nderitu, nilikaribia kukubali. Nilikuwa nimelowa na nimechoka, na Jumanne iko pale. Nikaona ile "hata kidogo" yako kwa karatasi. Nikamwambia arudishe tairi. Akafunga nati vizuri, akaniangalia, akasema, "Basi endesha na Mungu tu, kwa sababu beringi ni kama haipo."

Jana tulienda Bungoma. Hapo karibu kufika, nikasikia harufu kama ya chuma cha kupiga pasi kimesahauliwa kwa nguo. Nikasimama nikamwambia Kibe najisaidia. Nikazunguka upande wake, nikaweka mkono karibu na gurudumu. Sikuweza kuligusa, joto lilikuja kabla ya mkono. Nilisimama hapo nyuma ya mlango wake mpaka machozi yakakauka. Tukaendelea kwa mwendo wa ng'ombe. Tulichelewa na muuguzi akanigombeza mbele ya watu, na Kibe akasema, "Usimgombeze, anaendesha vizuri."

Naota sasa. Naota gurudumu linatupita mbele ya gari, linaingia kwa mahindi ya watu.

Wewe ni mtoto niliyembeba mgongoni nikienda kuchota maji. Nakujua ukinyamaza. Barua mbili nimekuuliza kwa njia zote. Gari ishirini, thelathini ulifungua na kufunga kila mwezi pale garaji, halafu ghafla unauza mbegu, na hujawahi kusema kwa nini. Sasa nakuuliza bila njia. Unajua nini juu ya hii beringi? Na kwa nini huji?

Wahu


Kitale,
1 Mei 2025

Dada,

Nimekaa na barua yako tangu Alhamisi iliyopita. Kalamu ninaiogopa, lakini gari yako ninaiogopa zaidi.

Unakumbuka Mwalimu Kiptum wa Moi's Bridge, yule mrefu aliyekuwa akileta gari kwangu na mfuko wa machungwa. Wiki ile uliyolala kwangu, gari yake na yako zilikuwa pale pamoja. Beringi mbili, nilizinunua siku moja. Presi ya jirani ilikuwa imekufa pampu. Yeye alikuwa na mazishi ya kuhudhuria, wewe ulikuwa unataka kurudi kwa Kibe. Nikachukua nyundo. Nikagonga pale pasipofaa kugongwa, kwa ringi ya ndani. Ukigonga hapo, zile gololi zinaacha alama ndogo, huwezi kuiona. Gari inatoka kimya kabisa. Alama inakua pole pole. Najua hiyo. Nilifundishwa hiyo siku ya kwanza.

Ya Kiptum ilishikana mwezi wa kumi na mbili mwaka huo huo, karibu na kwao. Gari ilipinduka mara mbili. Mguu wake wa kulia ulikatwa chini ya goti. Wote walisema ni mvua na utelezi. Mimi nilienda kituo cha polisi ambako gari ilikuwa imewekwa, nikapenya nikashika lile gurudumu. Nilijua kabla ya kushika.

Nikaenda hospitali kumuona. Akanishika mkono akasema, "Fundi wangu, gari uliitengeneza vizuri. Ni barabara tu." Nikasema amina. Dada, nilisema amina.

Wiki hiyo niliuza spana zangu zote isipokuwa chache. Hata Mama Gichuki nilimwambia naacha kwa sababu ya mgongo.

Na yako nilijua iko barabarani. Mwaka mmoja na nusu. Kila simu yako ikiita nilikuwa natazama ni saa ngapi, ni siku gani, kama ni Jumanne ama Ijumaa. Ukisema gari ni nzima, nilikuwa nasema Mungu ameisahau hiyo nyundo. Ulipoandika inaguna, nilikaa juu ya magunia hapa dukani mpaka mteja akaniletea kiti. Ningekuja siku hiyo hiyo kama mimi ni mtu. Lakini nikiwaza kushika lile gurudumu mikono inatetemeka, na fundi wa mikono ya kutetemeka ni nini. Nikajiambia mwingine atafanya vizuri kuliko mimi. Hayo mengine ya msimu ni uongo.

Nakuja Jumamosi hii. Nimeongea na mwenye presi wa Webuye, ananingoja. Kesho Ijumaa usipite thelathini. Simama kila baada ya muda mfupi, umimine maji pole pole kwa rimu, si kwa katikati. Ukisikia imeanza kugonga badala ya kuguna, simama hapo hapo na utafute gari nyingine hata kama ni ya mkaa.

Sikuombi unisamehe kwa barua.

Nderitu


Bokoli,
14 Mei 2025

Ndugu yangu Nderitu,

Nakusalimu, na safari hii nasalimu nikiwa nimekaa. Mwambie Mama Gichuki salamu. Mahindi yamefika gotini. Bwana Mdogo amekula leso yangu ya kanisa.

Barua yako niliisoma chooni, kwa sababu sikuwa na mahali pengine. Nikaiweka ndani ya Biblia, na mpaka ulipofika Jumamosi sikuwa nimekuombea. Nakuambia ujue. Ijumaa ile tulienda na thelathini yako na jerikeni la maji, na kila nilipokuwa namimina nilikuwa nalisema jina lako, na si kwa uzuri.

Halafu ukashuka pale langoni na kile kikapu cha spana, umekonda, hukuniangalia. Uliingia chini ya gari na shati la kanisa. Wewe hukuona mambo mengine kwa sababu kichwa chako kilikuwa kwa gurudumu, kwa hivyo nitakuandikia.

Nilikuwa nimemwambia Kibe umekuja kuangalia breki. Akatoka na kiti chake na shuka, akakaa pale unapomwona mara hii na mara hii umemsahau. Hizo bolti ulipigana nazo kutoka asubuhi. Niliona mikono yako. Ilitetemeka ukifungua kikapu, ikatetemeka ukishika spana. Ya kwanza ilipoachia, ikatulia. Ulipokata ya pili na kile chuma kikaanguka kwa karai, ukakibeba kifuani kwenda Webuye kama mtu amebeba mtoto mgonjwa.

Ulipoondoka Kibe akaniambia, "Hiyo ilianza mwezi wa kwanza."

Nikajifanya sijasikia. "Nini?"

"Beringi. Ilianza mwezi wa kwanza, wiki ya pili. Mwezi wa tatu ikaharibika zaidi."

"Wewe husikii," nikamwambia. "Masikio yako yaliisha."

Akanyoosha mguu wa kushoto. "Mama Wacera, kinu hakisikilizwi kwa masikio. Ukingoja masikio, kinu kimeshavunjika. Kinasikilizwa kwa nyayo. Unafikiri kiatu nilikuwa navua cha nini?"

Nderitu, nilikaa chini kwa udongo na nguo yangu nzuri.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Ningesema, ungeogopa. Ungeogopa, ungeegesha gari. Na mimi nataka kumwona huyu ndama akiota pembe." Nikamkumbusha ile ya mwaka mpya, ya kuchoka. "Siku hiyo nilikuwa nimechoka," akasema. "Ilikuwa ni siku tu."

Kwa hivyo ilikuwa hivyo. Miezi minne mimi naimba ili asisikie, na yeye anaimba bezi ili mimi nisisikie. Watu wawili wamekalia kifo kimoja, kila mtu anamfichia mwenzake. Nililia, halafu nikacheka mpaka kijana anayesaga kinuni akatoka kuuliza nani amekufa.

Ulirudi saa kumi. Ulifunga kila kitu, ukazungusha gurudumu kwa mkono, ukaweka vidole kwa springi, ukafunga macho. Ulikaa hivyo muda mrefu. Kibe akaniambia pole pole, "Mwache." Kisha ukaniambia niendeshe peke yangu mpaka barabarani na kurudi, wewe ukasimama kwa ukingo ukisikiliza. Nilikuambia ingia twende. Ukasema hapana. Nilikuambia kula. Ukasema umechelewa. Ukaenda zako na kikapu, na hata kwaheri ya Kibe uliitikia ukiwa unatembea.

Sasa nikuambie ya gari. Tumeenda mara tatu. Haitoi kelele yoyote. Ya kwanza, Jumanne ile ya tarehe sita, tulipita Webuye, barabara ikanyooka, na mimi kwa mazoea nikafungua mdomo nikaanza utenzi. Kibe akanigeukia, viatu vyote viwili viko miguuni.

"Sasa unamwimbia nani?"

Tulienda kimya mpaka Bungoma. Sikujua hiyo barabara ina ndege.

Barua yako nilimsomea jana tukirudi, nimeegesha kando. Nimechoka na mambo ya kufichana. Nilifikiri atakasirika, kwa sababu kiti kilikuwa chake. Aliuliza tu, "Mwalimu bado anakaa Moi's Bridge?" Nikasema nadhani. Akasema wewe huwezi kwenda huko peke yako, utafika langoni na kurudi, na hata yeye angerudi. Akasema Jumamosi hana kliniki.

Kwa hivyo tutapita kukuchukua Jumamosi hii asubuhi, dukani. Mwambie Mama Gichuki ukweli kabla hatujafika, usituachie hiyo kazi. Lile neno utamwambia Mwalimu mwenyewe. Sisi tutakaa tu kando yako. Atakavyosema ni juu yake, na kama atatufukuza, tutafukuzwa watatu.

Nimeanza kukuombea. Nilianza Jumapili.

Kibe anasema yeye atapanda nyuma. Wewe utakaa mbele, kushoto. Anasema uvue kiatu.

Dada yako,
Wahu